Je, Unamvalia Nani?

Wengi wetu huteseka ndani ya nguo ili macho ya wengine yafurahi. Huko Kiirua, Meru, baridi ya asubuhi na jua la mchana huwakumbusha wenyeji jambo ambalo sisi wa mjini tumeanza kulisahau.

UZURI wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Msemo huu wa wahenga unamfaa mtu aliyejibana ndani ya jinzi mpya hata akashindwa kuinama kufunga kamba za viatu. Watu wanamsifu apitapo. Yeye mwenyewe anahesabu dakika afike nyumbani aivue.

Je, msomaji mpendwa, si hivyo hivyo nawe? Hebu fungua kabati lako leo. Bila shaka mna nguo unayoivaa mara moja kwa mwaka, na mna ile kuukuu unayoikimbilia kila urudipo kutoka kazini au shuleni. Ya kwanza huenda ilikugharimu pesa nyingi. Ya pili ndiyo mwili wako ulioichagua.

Kati ya nguo hizo mbili pana swali ambalo kila familia hukutana nalo: nguo ni ya nani hasa, ya anayeivaa au ya wanaoitazama? Ili tulijibu, twende kwanza Kiirua.

HALI YA HEWA NDIYO BWANA

Kiirua ni soko na makazi ya wakulima katika eneo la Buuri, kaunti ya Meru, kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya. Majirani zake ni Naari, Kibirichia na Ruiri. Wenyeji hupanda viazi, mahindi, maharagwe na kabeji, tena hufuga ng'ombe wa maziwa. Mlima wenyewe una urefu wa mita 5,199, na anayeishi ubavuni mwake hana haja ya kufundishwa maana ya baridi.

Kwa kawaida hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000. Ndiyo maana mtu aweza kutoka Kiirua alfajiri akiwa amejifunika koti zito, akateremka hadi Isiolo, mji ulio kwenye kimo cha mita 1,100 hivi, na kulibeba koti hilo mkononi mchana kutwa. Na hata asiyetoka Kiirua huonja majira mawili kwa siku moja: asubuhi pumzi hutoka mdomoni kama moshi, saa saba jua humchoma mtu utosini.

Mtazame basi mwenyeji akienda shambani asubuhi ya Julai. Ndani ana fulana. Juu ya fulana ana shati, juu ya shati sweta, na juu ya yote koti kuukuu. Kichwani ana boshori, miguuni gambuti. Saa nne koti linaning'inia kwenye ua. Saa sita sweta limelifuata. Jua likianza kuzama, kila kimoja kinarudi mahali pake.

Mgeni kutoka Nairobi, ambaye ameshuka matatu na blauzi nyepesi na viatu vya kisigino, huenda akacheka kimoyomoyo. Usiku ukiingia, yeye ndiye wa kwanza kuuliza kama kuna sweta la kuazima.

Mavazi hayo ya tabaka tabaka yana hekima ya kisayansi. Kinachomtia mtu joto ni hewa inayonaswa kati ya nguo moja na nyingine. Kwa hiyo sweta mbili nyepesi mara nyingi hushinda moja nzito, tena waweza kuvua moja joto likizidi. Lakini zikibana sana, hewa hiyo haipati nafasi, na baridi hupenya.

Kitambaa nacho kina tabia yake. Pamba hunyonya jasho na ni laini mwilini, lakini ikilowa hukawia kukauka na humpoza mvaaji. Sufu huendelea kutia joto hata ikiwa na unyevu, ila huwasha ngozi za wengine na hujikunja ikifuliwa kwa maji moto. Poliesta na nailoni hukauka upesi na hazihitaji pasi sana, lakini hazinyonyi jasho, na harufu hukaa. Ukizijua tabia hizi tatu, hutashangaa kwa nini shati fulani zuri linakukera ndani ya basi lililojaa watu.

KAZI NAYO INA NGUO YAKE

Jambo la pili ambalo mashambani hawalisahau ni kwamba nguo ni chombo cha kazi. Chukua leso. Mjini wengine huiona kuwa nguo ya kulalia tu. Kwa mama wa Meru leso hufungwa kiunoni kulinda rinda na matope, humbeba mtoto mgongoni, hujifunikwa kichwani mvua ikinyesha, na hukunjwa ikawekwa chini ya kamba ya mzigo wa kuni ili kamba isiuchubue utosi. Ni nguo gani ya dukani inayoweza kazi zote hizo kwa bei hiyo?

Vivyo hivyo, mara nyingi utamwona mama shambani amevaa suruali ndani ya rinda. Hakuna anayemwita msichana wa kisasa. Anazuia baridi na majani yenye umande, basi. Lakini binti yake akirudi kutoka chuo kikuu na suruali hiyo hiyo bila rinda juu, maneno huanza.

Tuseme binti huyo yuko kwa nyanya yake Jumapili asubuhi, wanajitayarisha kwenda kanisani.

"Mjukuu wangu, utaingia kanisani hivyo?"

"Nyanya, nikivaa rinda baridi inaniuma magoti."

"Basi baki na suruali yako. Lakini chukua leso hii ujifunge, wazee wasije wakaacha kusikiliza mahubiri."

Hapo hakuna aliyeshindwa. Magoti yana joto, na nyanya hana aibu. Mabishano mengi ya nyumbani kuhusu mavazi yangemalizika hivyo, kama kila upande ungeuliza kwanza mwenziwe anahitaji nini kabla ya kuamua kwamba ameasi au ameonea.

MACHO YA WATU

Ole wetu, si kila mtu ana subira ya nyanya huyo. Historia ya Afrika Mashariki imejaa visa vya wakubwa kuwachagulia wadogo nguo. Nchini Tanzania, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza mwaka wa 1968 Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana kuanzia Januari 1969. Uganda nayo, chini ya Idi Amin, ilipiga marufuku sketi fupi mwaka wa 1972. Wanawake ndio walioumia zaidi katika visa vyote viwili.

Nasi Kenya tuna aibu yetu. Mwaka wa 2014 wanawake walishambuliwa na kuvuliwa nguo hadharani kwenye vituo vya matatu, eti wamevaa vibaya. Novemba 17 mwaka huo wanawake wengi, pamoja na wanaume waliowaunga mkono, waliandamana jijini Nairobi wakisema kwamba nguo ni hiari ya mvaaji. Mwezi uliofuata sheria ya adhabu iliongezwa kifungu kinachosema kwamba anayemvua mtu nguo ili kumdhalilisha atafungwa kwa muda usiopungua miaka 10. Kila kijana anayekaa kwenye kituo cha matatu anapaswa kukijua kifungu hicho. Kila msichana pia, ili ajue kwamba sheria iko upande wake.

Macho ya watu hayawaandami wanawake peke yao. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni, ingawa Rais William Ruto mwenyewe alikuwa amezipenda sana. Bungeni, mwanamume alitakiwa awe na koti na tai. Kwa Nairobi ya Julai, koti si mateso. Lakini mfikirie karani wa Mombasa au Garissa anayefungwa tai shingoni mwezi wa Februari kwa sababu tu desturi hiyo ilitoka Uingereza, nchi ya baridi. Je, kazi yake ingeharibika akivaa shati safi la mikono mifupi?

Kuna pia starehe ya moyo. Katika shule moja ya upili huko Isiolo, wasichana wa Kiislamu waliomba kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare yao. Kesi ilianzia Mahakama Kuu ya Meru, ambayo mwaka wa 2015 ilikataa. Mahakama ya Rufaa iliwakubalia mwaka wa 2016, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo kwa sababu ya utaratibu wa kesi ulivyofuatwa. Chochote unachofikiri kuhusu kesi yenyewe, inaonyesha jambo moja: mtoto aweza kuwa na sare safi inayomtosha, na bado asiwe na raha ndani yake. Kabla ya kumwambia mtu "ni nguo tu", msikilize kwanza.

MTOTO HANA LA KUSEMA

Ikiwa sisi watu wazima tunateseka kwa kupenda, watoto huteseka kwa kulazimishwa. Jumapili utamwona mtoto wa miaka mitatu amevalishwa suti ya vipande vitatu, au rinda lenye nailoni inayowasha shingoni. Anajikuna, analia, anachapwa kwa utundu. Kosa lake ni lipi?

Kabla ya kumnunulia mtoto nguo, mwambie ainue mikono, achuchumae, akimbie hatua chache. Ikimzuia kucheza, irudishe. Viatu viachie nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole, kwani mguu wa mtoto hukua upesi, na kiatu kinachobana chaweza kuukunja.

Kwa watoto wachanga, kosa la kawaida sehemu za baridi ni kuwafunika kupita kiasi. Mikono na miguu ya mtoto mchanga mara nyingi huwa baridi hata akiwa hana shida. Mguse shingoni au kifuani. Akiwa na jasho hapo, mpunguzie nguo, kwa maana joto jingi nalo ni hatari kwake. Wala usimfunike uso anapolala.

Watu wazima nao wasipuuze mwili unapolalamika. Jinzi au mshipi unaobana sana waweza kukandamiza mshipa wa fahamu unaopita nyongani, mtu akahisi ganzi au moto pajani. Chupi za nailoni zinazobana huzuia hewa na kulea kuvu. Viatu vya kisigino kirefu husukuma uzito mwingi kwenye sehemu ya mbele ya mguu. Havina dhambi kwa harusi ya saa tatu. Lakini kutembea navyo kila siku kutoka kituo cha basi hadi ofisini ni kuiadhibu miguu isiyo na hatia.

RAHA SI LAZIMA IWE GHALI

Huenda unasema, "Haya yote ni ya wenye pesa." La hasha! Familia nyingi za Kenya huvaa mitumba, kuanzia Gikomba hadi masoko madogo ya mashambani. Mwaka wa 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuikomesha hatua kwa hatua, lakini Kenya ilijiondoa kwa kuhofia soko lake la nguo Marekani. Rwanda iliyoshikilia msimamo ilinyimwa na Marekani nafasi ya kuuza nguo huko bila ushuru mwaka wa 2018. Mitumba basi bado ipo, na mnunuzi mwerevu hupata humo sufu na pamba safi kwa bei nafuu.

Siri ni kununua kwa vidole kabla ya macho. Shika kitambaa, kikunje mkononi, kiachie. Soma kibandiko cha ndani kinachosema ni pamba, sufu au poliesta. Vuta mishono. Ukifika nyumbani, fua kabla ya kuvaa. Pamba ifuliwe kwa maji moto, ianikwe juani na kupigwa pasi, ili wadudu wa upele wasipate nafasi. Nguo ikizidi kidogo, usiitupe: fundi wa cherehani ataipunguza kwa pesa chache. Ikibana, hata fundi mara nyingi hana la kufanya.

Kabla ya kutoka nyumbani kesho, simama mbele ya kioo ujiulize maswali manne. Je, naweza kuinama, kukaa na kutembea? Je, hewa ikibadilika nina cha kuvaa au cha kuvua? Je, inafaa kazi ninayokwenda kuifanya? Je, nitakaokutana nao nitakuwa nimewaheshimu, bila kujidharau mimi mwenyewe? Ukijibu ndiyo mara nne, ondoka na amani yako, hata kama jirani hatageuka kukutazama.

Na safari yako ya mashambani ikifika, iwe Kiirua au kwingineko, tia sweta mkobani kabla ya kutia marashi. Wenyeji watakukaribisha kwa chai ya maziwa, lakini baridi ya usiku haijali fasheni.