Kampuni zahama kutoka kulinda ukuta hadi kulinda taarifa zenyewe

Mwezi Septemba mwaka 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya ilitangaza adhabu dhidi ya taasisi tatu kwa mpigo: kampuni inayokopesha fedha kwa njia ya simu, ukumbi mmoja wa starehe jijini Nairobi, na shule. Jumla ya faini hizo ilikaribia shilingi milioni 9.4 za Kenya. Mkopeshaji alikuwa amechukua nambari za watu kutoka kwa wengine na kuwatumia ujumbe wa vitisho. Ukumbi ulichapisha mitandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule ikafanya vivyo hivyo kwa picha za watoto ambao wazazi wao hawakuridhia.

Katika mashauri yote matatu hakukuwa na mdukuzi aliyevunja mlango. Taarifa zilitumiwa vibaya na wale wale waliokuwa nazo mkononi, na hakuna mtambo wa kuzuia wadukuzi ambao ungewazuia. Adhabu hizo zinaonyesha kwa nini wataalamu wa usalama wa mtandao, kwa takriban miaka ishirini sasa, wamekuwa wakizihimiza kampuni zibadili namna zinavyofikiri kuhusu ulinzi.

Mbinu iliyozoeleka inafanana na ngome. Kampuni huweka kompyuta na seva zake ndani ya ofisi, huzizungushia mitambo ya kuchuja mawasiliano, kisha huwapa wafanyakazi nywila za kuingilia. Aliye ndani huaminiwa na aliye nje hushukiwa. Mpango huo ulifaa wakati kazi yote ilifanyika ndani ya jengo moja. Leo mhasibu hufungua hesabu kwa simu akiwa safarini, kumbukumbu za wateja hukaa katika seva za kukodi zilizo nchi nyingine, na fundi wa nje ana nywila yake mwenyewe. Ukuta ungalipo, lakini mali nyingi haiko tena nyuma yake.

Funzo kutoka Marekani

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa kampuni ya maduka ya Target ya Marekani. Mnamo Novemba 2013, wahalifu waliingia katika mtandao wake kwa nywila walizoziiba kwa kampuni ndogo iliyohudumia mitambo ya majokofu na viyoyozi. Mgeni huyo alikuwa na ruhusa halali, hivyo lango lilimpokea. Akiwa ndani, hakukuta vizuizi vya kutosha kati ya sehemu iliyotumiwa na mafundi na sehemu yenye mashine za malipo.

Wahalifu walipandikiza humo programu hasidi iliyonasa data za kadi za benki ndani ya kumbukumbu ya mashine, katika muda mfupi ambao zilikuwa wazi kabla ya kufichwa kwa msimbo. Kadi zipatazo milioni 40 ziliathirika, pamoja na majina, anwani na nambari za simu za watu wanaofikia milioni 70. Inafaa kukumbukwa kwamba kampuni hiyo haikuwa imezembea kununua vifaa. Miezi michache kabla ilikuwa imethibitishwa kutimiza viwango vya usalama vya sekta ya kadi, na mitambo yake ya kisasa ilitoa tahadhari ambazo hazikufanyiwa kazi kwa wakati.

Mwaka 2017 Target ilikubali kulipa dola milioni 18.5 katika mapatano na majimbo 47 pamoja na mji mkuu, Washington. Miongoni mwa masharti ilikuwa kutenganisha data za kadi na mtandao mwingine wa kampuni, na kuweka taratibu za kuzificha kwa msimbo.

Hoja yenyewe ilikuwepo kabla ya hapo. Mwaka 2004 wakuu wa usalama wa kampuni kadhaa kubwa, wengi wao wa Uingereza, waliunda jukwaa waliloliita Yeriko, kwa kukumbuka mji ambao kuta zake zilianguka. Mwaka 2010 John Kindervag, aliyekuwa mchambuzi wa kampuni ya utafiti ya Forrester, alieneza kanuni ya kutomwamini yeyote kwa sababu tu yuko ndani. Google nayo, baada ya kushambuliwa mwaka 2009, iliujenga upya mfumo wake ili kila ombi la mfanyakazi lihakikiwe, awe ofisini au nyumbani.

Ulinzi unaoifuata taarifa

Chini ya mbinu mpya, kampuni huanza na swali ambalo aghalabu huwa gumu kuliko lionekanavyo: ina taarifa zipi, na ziko wapi? Nakala ya orodha ya wateja huweza kukutwa katika kompyuta ya meneja, katika barua pepe ya mwaka juzi, na katika simu ya kijana aliyekwisha kuacha kazi. Kisichojulikana kilipo hakilindiki.

Baada ya hapo taarifa nyeti hufichwa kwa msimbo, ili anayeziiba bila ufunguo aambulie herufi zisizosomeka. Katika malipo, nambari halisi ya kadi huweza kubadilishwa na nambari ya badala, iitwayo tokeni, ambayo haina thamani nje ya shughuli iliyokusudiwa. Karani huona sehemu ya kumbukumbu anayoihitaji tu, na kila anayefungua faili huacha alama. Hatua iliyo rahisi kuliko zote, na ambayo wafanyabiashara huichukia, ni kutokukusanya kile kisichohitajika.

Mbinu hii nayo ina mipaka. Mwenye ufunguo halali anaweza kuutumia vibaya, na kampuni inayohifadhi ufunguo kando ya faili lenyewe imejidanganya. Katika udukuzi uliolikumba shirika la taarifa za mikopo la Equifax mwaka 2017, na kuathiri watu wapatao milioni 147, wavamizi walikuta nywila zimehifadhiwa bila kufichwa, wakazitumia kufungua hifadhi nyingine nyingi. Kadi ya benki hubatilishwa kwa siku moja. Nambari ya utambulisho wa raia, au alama ya kidole, mtu hukaa nayo maisha yake yote.

Katika Afrika Mashariki, sheria zimekwisha kuelekea huko. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda data mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na sheria ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Zote humwajibisha anayeshika taarifa, popote anapoziweka. Nchini Kenya kampuni ina saa 72 za kumjulisha Kamishna inapogundua uvujaji wenye madhara kwa wahusika. Nchini Rwanda mamlaka husika hujulishwa ndani ya saa 48. Kampuni isiyojua nakala zake ziko wapi itatumia muda huo ikitafuta kilichoibwa.

Sheria hizo hazikomei kwenye kompyuta. Kenya, kwa mfano, inagusa pia kumbukumbu za karatasi zilizopangwa kwa utaratibu. Hata hivyo, katika majengo mengi ya ofisi mjini Nairobi mlinzi bado humtaka mgeni aandike jina, nambari ya kitambulisho na ya simu katika daftari lililo wazi mezani, na kila anayeingia baada yake huweza kusoma mistari iliyotangulia.