TANGAWIZI YA UPARE IKAUSHIWE WAPI?

Msafiri atokaye Same kwenda Ndungu hupita Kisiwani. Kushoto kwake ni nyika ya Mkomazi, kavu na yenye jua kali. Kulia ni milima ya Upare, na huko juu Mamba na Miamba, penye ukungu na baridi, ndiko inakolimwa tangawizi. Juu mna zao, chini mna jua. Ndilo jambo tupendalo wasomaji wetu walifikiri leo.

Tangawizi mbichi ya kilo 100 hubeba maji yapata kilo 85. Ikikaushwa ipasavyo, mkulima hubakiwa na kilo 17 hivi. Zilizosalia zimekwenda hewani. Kuyageuza maji hayo kuwa mvuke kwataka kuni kavu zipatazo kilo 13, hata kama joto lisingepotea lolote. Nasi sote twajua jinsi tanuri lipotezavyo joto, na twajua kuni hizo hukatwa wapi.

Mabingwa wa siku hizi hawaanzi kwa kufua chuma. Kikaushio hukijenga kwanza ndani ya kompyuta, kwa hesabu tupu. Kipande cha tangawizi hugawanywa katika matabaka membamba, na kompyuta hukokotoa, dakika kwa dakika, kila tabaka limepokea joto gani na limempa jirani yake maji kiasi gani. Kanuni yenyewe ni ya zamani: Adolf Fick, Mjerumani, aliitoa mwaka 1855. Kilicho kipya ni wepesi wa kuihesabu mara elfu bila kuharibu hata kilo moja ya mkulima.

Hesabu hiyo husema mengi. Kipande kikipunguzwa unene kwa nusu, muda wa kukauka hushuka karibu na robo. Moto ukizidi mwanzoni, nje hukakamaa na maji hufungiwa ndani. Gunia laonekana kavu, kumbe baadaye litaota ukungu. Trei zilizo karibu na moto huungua, na za mwisho hupata hewa iliyokwisha kushiba maji.

Je, kikaushio kiwe mlimani, au mzigo ushushwe Kisiwani? Kushusha maji kwa gari ni gharama. Kukausha penye ukungu nako ni gharama. Sisi hatutaki kuamua kwa kukisia, maana tumekwisha kuona mashine zilizopokewa kwa ngoma zikageuka viota vya popo. Lakini kompyuta haijui hewa ya Upare mpaka iambiwe, na tarakimu za Ulaya hazitatufaa. Programu ya OpenFOAM hutolewa bure tangu mwaka 2004. Kinachokosekana ni vipimo. Twawaomba wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, waweke vipima joto na unyevu Kisiwani na Mamba kwa mwaka mzima, masika na kiangazi, kisha matokeo yasomwe mbele ya wakulima wenyewe kabla senti moja ya ushirika haijatolewa.