MAJINA YANAYOFANANA KATIKA KUMBUKUMBU ZA VIONGOZI

Asomaye habari za viongozi wa Kisii na Nyamira hana budi kuwa mwangalifu, maana majina mengi hufanana. Dakta Zachary Onyonka alichaguliwa Mbunge wa Kitutu Magharibi mwaka 1969, na baadaye akawa Waziri. Bwana Richard Onyonka alichaguliwa Seneta wa Kisii mwaka 2022. Huko Nyamira, Gavana John Nyagarama alifariki mwaka 2020, naye Bwana Amos Nyaribo akashika mahali pake. Majina yao huanza sawasawa, lakini watu ni mbalimbali.

Tena, majina yasiyofanana yaweza kuwa ya nyumba moja. Bwana Simeon Nyachae, aliyegombea urais mwaka 2002, alikuwa mwana wa Chifu Musa Nyandusi. Sababu ni kwamba kwa desturi ya Abagusii mtoto hupewa jina la jamaa aliyekwisha kufa, wala si lazima achukue la baba yake.

Basi kila aandikaye kumbukumbu na ataje jina kamili, cheo, mahali na mwaka. Asipofanya hivyo, kazi ya mtu mmoja itahesabiwa kuwa ya mwingine, na watoto watafundishwa yasiyo kweli.