SAFARI YA MASOMO NG'AMBO HUANZIA NYUMBANI



 

Kila mwaka siku ya mahafali huja kijana akaniuliza: "Ustadhi, nami nataka kwenda kusoma Madina. Nifanyeje?" Mwingine atataja Azhar, mwingine Uturuki. Ni nia njema, na si jambo geni kwetu watu wa pwani. Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, alisafiri Makka na Hadhramaut kutafuta elimu, na madrasa yake ya Ukutani, Unguja, ikawanufaisha wengi baada yake.

Zama zile msafiri alihitaji jahazi, barua ya sheikh wake na subira. Subira bado inahitajika, lakini siku hizi yameongezeka makaratasi. Katika miaka niliyowasaidia vijana wetu kujaza fomu, niliowaona wakikwama kwa uzito wa vichwa ni wachache. Wengi hukwama kwa jina, kwa tarehe na kwa muhuri. Na mambo hayo matatu hutengenezwa hapa nyumbani, mapema.

1. JINA LAKO NI LIPI?

Yupo kijana wetu mmoja, hafidh, mwenye alama nzuri za kidato cha sita. Cheti chake cha kuzaliwa kiliandikwa Athumani. Shuleni aliandikishwa Othman. Pasipoti aliichukua kwa jina la Uthman, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kuliandika jina hilo madrasani. Kwetu sisi huyo ni mtu mmoja. Kwa karani wa chuo aliye mbali, hao ni watu watatu. Alipomaliza kula viapo na kuzungushwa maofisini, muda wa maombi ulikuwa umekwisha. Alilia, na mama yake akalia.

Basi ndugu mwanafunzi, leo ukifika nyumbani toa cheti chako cha kuzaliwa ukisome herufi kwa herufi. Angalia jina lako, jina la baba, jina la babu na tarehe ya kuzaliwa. Kisha hakikisha shule inakusajili kwa mtihani wa taifa kwa jina hilo hilo, kwani cheti cha NECTA hutoka kwa jina ulilosajiliwa nalo. Kosa likigunduliwa kabla ya usajili hurekebishwa kwa urahisi. Likigunduliwa baada ya cheti kutoka, litakugharimu wakili, nauli na miezi. Pasipoti nayo hufuata cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa, kwa hiyo kosa la mwanzo hutembea hadi mwisho.

Wazazi wenye watoto wasio na vyeti vya kuzaliwa wasingoje. Kwa Bara ni RITA, na kwa Zanzibar ni Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii.

2. UMRI NA WAKATI

Vijana wengi hudhani kwamba nafasi ya kusoma nje humngoja mtu. La, haimngoji. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961, kwa kawaida hupokea kwa shahada ya kwanza vijana wa miaka 17 hadi 25, na cheti cha sekondari kisiwe kimepita miaka mitano. Ufadhili wa serikali ya Uturuki, kwa shahada ya kwanza, hutaka mwombaji awe chini ya miaka 21, na maombi yake kwa kawaida hupokelewa kuanzia Januari 10 hadi Februari 20.

Hebu tupige hesabu. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika mwezi wa Mei, na matokeo hutoka Julai. Aliye na miaka 19 au 20 akisema "ngoja nipumzike mwaka mmoja", huenda akapitwa na nafasi ya Uturuki moja kwa moja. Kwa hiyo anza kukusanya karatasi ukiwa kidato cha tano, na uombe ukiwa cha sita, kwani mwombaji anayetarajia kuhitimu mwaka huo huo huruhusiwa kuomba. Kila mwaka soma masharti mapya katika tovuti ya chuo chenyewe, kwa sababu masharti hubadilika.

3. CHUO GANI, NA KWA LUGHA GANI?

Usichague chuo kwa sababu rafiki yako yuko huko. Jiulize kwanza unataka kusoma nini. Azhar ya Cairo, ambayo msikiti wake ulijengwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, haifundishi sharia na lugha peke yake. Sheria ya Misri ya mwaka 1961 iliiongezea vitivo vya utabibu, uhandisi na kilimo, na ikafungua mlango kwa wasichana. Basi enyi mabinti zetu, msidhani kwamba makala hii ni ya kaka zenu tu.

Kuhusu lugha, Madina wana mafunzo ya Kiarabu kwa wasiokijua, na Uturuki hutoa mwaka mmoja wa Kituruki kabla ya masomo. Lakini anayefika akiwa tayari anasoma na kuandika Kiarabu huokoa muda na aibu. Nahau na sarafu unayosinzia sasa katika darasa la alasiri ndiyo itakayokubeba huko.

Jambo jingine ni vyeti vya madrasa. Si kila cheti cha thanawi hukubaliwa kila mahali. Vyuo vya Kiarabu vina utaratibu wa muadala, yaani kukilinganisha cheti chako na cha kwao. Uliza mapema kama maahadi yako inayo muadala na chuo unachokitaka. Kama haina, cheti cha serikali cha kidato cha sita ndicho ngao yako, na usikidharau.

4. JE, SHAHADA ITATAMBULIWA UKIRUDI?

Hili ndilo linalosahauliwa zaidi, na machungu yake huja baada ya miaka minne au sita ya jasho. Kwa Tanzania, shahada ya nje hutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU. Kabla ya kuondoka, omba kwao hati ya kutokuwa na pingamizi, nao watakuambia kama chuo na fani vinakubalika na kama una sifa za kuisoma fani hiyo. Asiyefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia akapelekwa nje kusomea udaktari kwa sababu tu chuo fulani kimekubali ada yake, anaweza kurudi na cheti kisichomfungulia mlango wa hospitali. Kwa ndugu zetu wa Kenya, kazi hiyo hufanywa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu.

5. FEDHA NA MATAPELI

Wazazi, "ufadhili kamili" si bure kabisa. Kabla ya kijana kupanda ndege kuna pasipoti, kupima afya, kutafsiri vyeti, mihuri ya Wizara ya Mambo ya Nje na ya ubalozi, na nauli za kwenda na kurudi maofisini. Wekeni akiba kidogo kidogo tangu kidato cha tatu. Hiyo ni afadhali kuliko kuuza shamba kwa wiki moja kwa bei ya hasara.

Na mjihadhari na anayesema "nipe fedha nikupatie nafasi". Kuomba ufadhili wa Uturuki, kwa mfano, hakulipiwi hata senti moja. Fomu mtoto aijaze mwenyewe, kwa barua pepe yake mwenyewe, na neno la siri alijue yeye. Nimeona kijana akikubaliwa, na barua ya kukubaliwa ikakaa katika barua pepe ya "wakala" aliyezima simu.

6. UKISHAFIKA

Jiandikishe ubalozini, na kila mwaka tunza nakala ya matokeo yako, nyingine uitume nyumbani. Vita vilipozuka Khartoum Aprili 15, 2023, wanafunzi wa Tanzania na Kenya waliokuwa wakisoma huko, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, walilazimika kuondoka kwa haraka na kurejeshwa makwao. Katika hali kama hiyo, mwenye nakala za alama zake hupata pa kuanzia anapotafuta chuo kingine. Asiyekuwa nazo hubaki na maneno matupu.

HITIMISHO

Ndugu zangu, dini yetu imetufundisha kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali. Cheti kilichosomwa vizuri, tarehe iliyowekwa akilini na swali lililoulizwa mapema ndiyo kamba ya ngamia. Na yule kijana wetu wa majina matatu hakukata tamaa. Alisawazisha vyeti vyake, akaomba tena mwaka uliofuata, na leo yuko masomoni, Alhamdulillah. Lakini mwaka wake mmoja ulipotea kwa herufi chache tu.

Tunamuomba Allah (S.W.) awape wanafunzi wetu elimu yenye manufaa, awarahisishie safari zao, na awarudishe salama kuwatumikia wazazi wao na umma wao. Amin.

Wabillahi tawfiq.