Mbwa akichechemea, mbuzi hawana mlinzi
Fisi akila mbuzi huko Marsabit, mfugaji huhesabu hasara papo hapo. Mbwa aliyebaki nyuma akichechemea haingizwi kwenye hesabu hiyo, nayo ndiyo kasoro. Mawe ya volkeno huchubua nyayo zake. Miiba ya migunga huvunjikia ndani na kutunga usaha.

Kinga yake haina gharama kubwa. Kila jioni mkague katikati ya vidole, ng'oa miiba, osha kwa maji ya chumvi. Akiwa na kidonda, apumzike. Viatu vya turubai kuukuu, kazi ndogo kwa fundi cherehani, husaidia, ila vivuliwe mara kwa mara: mbwa hutoa jasho nyayoni, na ngozi iliyolowa huchubuka upesi. Mbwa mchanga azoeshwe mawe taratibu.