Tofauti ya "Steal" na "Rob" Katika Kufasiri

Mwanafunzi wa Kiingereza hujifunza mapema kwamba "steal" ni kuiba, na mara nyingi "rob" nalo hupewa maana iyo hiyo. Katika mazungumzo ya kila siku jambo hili halidhuru sana. Katika kufasiri maneno ya shahidi mahakamani, laweza kumfunga mtu kwa kosa asilolitenda. Yafaa basi tuvitazame vitenzi hivi kwa makini.

Asili zao ni mbalimbali. "Steal" ni neno la Kiingereza cha kale, na jamaa yake ni "stealth", yaani kufanya jambo kwa siri. Ndiyo sababu mtu aondokaye kimya kimya bila kuaga husemwa kwa kitenzi hiki hiki, ingawa hakuchukua kitu. "Rob" lilitoka katika Kifaransa cha kale, na lina undugu na "robe", vazi, ambalo hapo kwanza lilikuwa nguo iliyotekwa nyara. Basi la kwanza lina siri ndani yake, na la pili lina nguvu.

Tofauti ya pili ni ya sarufi. Yambwa ya "steal" ni kitu kilichochukuliwa. Yambwa ya "rob" ni mtu, au mahali kama benki, aliponyang'anywa mwenye mali. Kitenzi cha tatu, "burgle", kilichozaliwa katika karne ya 19 kutokana na jina "burglar", hutaka yambwa ya jengo lililoingiwa. Kiswahili nacho chatenga kitu na mtu: saa imeibwa, Juma ameibiwa. Tukisema Juma ameibwa, twamtafuta Juma mwenyewe, si saa yake.

Hapa ndipo penye mtego. Kauli ya kutendea humfanya mtu kuwa yambwa: "ameniibia saa". Mkalimani aonaye kiambishi -ni- hushawishika kusema "he robbed me", kwa kuwa sarufi zafanana. Lakini maana hazifanani. "Kuibia" hakusemi lolote juu ya nguvu wala vitisho. Yamkini saa ilichukuliwa mezani, mwenyewe akiwa usingizini. Tafsiri yake ni "steal" likifuatwa na "from". Kitenzi kinachokaribia "rob" ni "kunyang'anya". Hata hivyo, si kila kunyang'anya ni "rob": mama humnyang'anya mtoto kisu, wala hana hatia.

Ni kweli kwamba Mwingereza akirudi nyumbani na kukuta mlango umevunjwa huweza kulia kwamba yeye ni "robbed". Sheria haimfuati. Kwa Sheria ya Wizi ya mwaka 1968 ya Uingereza na Wales, "robbery" ni kuiba kwa kutumia nguvu au kumtia mtu hofu ya kupigwa papo hapo. Adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha, hali wizi mtupu hauzidi miaka 7. Nchini Tanzania, unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungo kisichopungua miaka 30. Kenya husema "wizi wa mabavu": jina ni wizi, na tofauti yote yachukuliwa na neno moja la mwisho. Neno hilo likidondoka, kosa limegeuka.

Kwa miaka mingi mashahidi wa Tanzania walinena Kiswahili, na kumbukumbu zikaandikwa kwa Kiingereza. Sheria ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, lakini kazi ya kufasiri haikwisha: hukumu za zamani zimo katika Kiingereza, nazo zingali zikirejewa.

Kwa hiyo mfasiri na ajiulize mambo matatu: ni kitu gani kilichochukuliwa, kilikuwa cha nani, na je, palikuwa na nguvu au tisho? Maneno ya shahidi yasipojibu la tatu, mkalimani aombe ruhusa shahidi aulizwe. Asitie katika Kiingereza nguvu ambazo shahidi hakuzitaja kwa Kiswahili.