Mgonjwa wa Mwisho na Maji ya Mshipani

Vikundi vingi vinatuuliza: mgonjwa wetu anakaribia kufa na hali chochote, mbona hawekewi maji? Maji ya mshipani humwokoa aliyekaushwa na kuhara au kutapika. Lakini mwili unaofunga kazi hauyatumii vizuri. Yaweza kujaa mapafuni, apumue kwa shida, na miguu ivimbe. Hafi kwa sababu amekataa kula. Amekataa kula kwa sababu anakufa.

Basi tufanyeje? Tushauriane na muuguzi kwanza. Tumlowanishe midomo na ulimi kwa kitambaa safi. Tusimlazimishe kunywa, atapaliwa. Tumgeuze kila baada ya saa 2 asipate vidonda. Akiwa na maumivu makali, tuulizie mofini ya kunywa. Na tusimwache peke yake.